Nguchiro na Mtambo wa Mabaki ya Habari

Hapo zamani za kale, tena zamani zenyewe, si hizi zamani za juzi mnazosimuliana ninyi, wanyama walikuwa na nyumba, na jiko, na ua wa kufagia kila asubuhi, na walikuwa wanaamkiana vizuri kuliko baadhi yenu humu ndani. Sogeeni karibu. Leo nitawatisha kidogo.

Katika Bonde la Mikwaju waliishi wanyama wengi wadogo na mkubwa mmoja. Mkubwa huyo alikuwa Bwana Kifaru, Mkuu wa Mitambo. Mtambo wake wa kujivunia ulikuwa kamba. Kamba ya katani ilizunguka bonde zima, nguzo hadi nguzo, na kila hatua imetundikwa njuga. Adui akiigusa tu, njuga zinalia, njiri njiri njiri! Mlinzi akisikia anakimbia kwa Bwana Kifaru. Bwana Kifaru akisema "Pigeni!" ndipo Bi Kanga anapiga ngoma kuu, na kila mwenye shimo anaingia shimoni. Bila neno la Bwana Kifaru, ngoma haigongwi. Ndiyo ilikuwa sheria, na sheria aliitunga yeye.

Sasa huyu Bwana Kifaru, jamani! Alikuwa mchapakazi, hilo simnyimi. Kutwa mbio. Kikao asubuhi, kikao mchana, na kati ya kikao na kikao anajenga mtambo mpya kabla wa zamani haujakauka rangi. Siku hizo alikuwa anajenga mnara. Mnara wa nini? Hata waliokuwa wanaujenga hawakujua. Mgongoni alimbeba karani wake, ndege aitwaye Shashi, na kazi ya Shashi ilikuwa moja tu, kupiga kelele, "Mkuu ana haraka! Mkuu ana kikao!"

Kila alipopita, Bwana Kifaru aliuliza, "Habari za kazi?"

Nanyi mnazijua adabu zetu. Mtu akikuuliza habari, unajibu nzuri. Nyumba inaungua, unajibu nzuri kwanza, halafu ndiyo unasema, ila nyumba inaungua. Nzuri ni ya adabu. Habari yenyewe inakaa nyuma ya ila.

"Nzuri, Bwana Mkuu, ila..."

"Safi sana! Endeleeni!" Tifu, tifu, tifu! Vumbi, na yeye hayupo.

Kakakuona peke yake ndiye aliyewahi kuiruka ile nzuri. Alisimama njiani akasema, "Bwana Mkuu, mtambo umekufa." Basi Kifaru akapandwa na hasira, akafyatuka, akamkanyaga mkia, kru! Mkia ukapinda. Tangu siku ile hakuna aliyethubutu tena. Wadogo wa bonde wakawa na hofu mbili, ya adui wa nje na ya mkubwa wa ndani, na ile ya ndani ndiyo waliyolala nayo.

Mmoja wa hao wadogo alikuwa Nguchiro. Mume wake alikuwa safarini. Yeye alikaa na watoto wake wanne katika shimo la ukingoni mwa korongo, mita chache tu kutoka kwenye kamba. Watoto walikuwa wachanga, macho hayajafumbuka.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito. Nguchiro alikuwa anawanyonyesha watoto wake, akasikia kitu kizito kinaketi nje, mlangoni pake. Hakusikia njuga. Alisikia pumzi tu.

"Hodi," sauti ikasema.

Nguchiro akafumba mdomo.

"Hodi hodi. Hakuna mtu?"

Mtoto mmoja akajikunyata, Nguchiro akamfunika kwa tumbo lake.

Sauti ikacheka kidogo, kisha ikauliza kwa upole kabisa, "Habari za asubuhi?"

"Nzuri," Nguchiro akajibu.

Ole wake! Mdomo ulifunguka wenyewe. Umelelewa na mama yako kujibu salamu tangu huna meno, utafanyaje? Akajiziba kinywa kwa mikono yote miwili, lakini neno lilikwisha kutoka.

"Ahaa," sauti ikasema. "Kumbe mpo. Mimi ni Chui, mama. Nimepita hapa mara nyingi, leo ndiyo mara ya kwanza kubisha. Kamba yenu nzuri sana. Inanikuna mgongo nikipita chini yake."

Mkono wa Chui ukaingia shimoni. Ukapapasa kushoto, ukapapasa kulia, kucha zikachora udongo mbele ya pua ya Nguchiro, kwaa, kwaa. Haukufika.

"Mlango mwembamba," Chui akanung'unika. "Si kitu. Nyumbani nina mwanangu, anajifunza kazi. Kucha zake ni nyembamba na anapenda kufukua. Jua likikaa juu ya kile kichuguu kirefu cha katikati ya bonde, tutakuja wote wawili. Usihangaike kupika."

Akaondoka bila kishindo chochote.

Nguchiro alingoja kidogo gizani. Alipochungulia, aliona nyayo zimepita chini ya kamba, zikaingia, zikatoka. Akaruka akaivuta njuga iliyokuwa karibu. Tuli! Akaivuta ya pili. Tuli! Akachungulia ndani yake. Nyigu walikuwa wamejenga humo kiota cha udongo, kikavu kimeshikana, ulimi wa njuga umezikwa. Akatazama kamba ilivyokwenda mbali ndani ya ukungu na njuga zake zote.

Angewahamisha watoto? Angeweza kumbeba mmoja kwa meno, huku watatu wanabaki peke yao, na uwanda wote ule mweupe hauna pa kujificha. Na nani alimwambia kwamba Chui amekwenda mbali? Akakokota miiba, akaziba mlango, akawaambia watoto, "Mama anarudi," akatimua mbio kwenda kwa Bwana Kifaru. Njia nzima alijisemea, "Nitasema mbaya. Akiniuliza habari, nitasema mbaya. Mbaya, mbaya, mbaya."

Akamkuta anatoka kikaoni.

"Nguchiro! Habari za nyumbani?"

Nguchiro akakiona kile kipusa cha puani mwa Kifaru, kirefu kuliko yeye. Akakumbuka mkia wa Kakakuona.

"Nzuri, Bwana Mkuu," akasema. "Ila..."

"Safi sana! Wasalimie watoto!"

"Mkuu ana haraka!" Shashi akapiga kelele. Tifu, tifu, tifu! Wakaenda zao mnarani.

Nguchiro alibaki amesimama kwenye vumbi. Alilia. Sikufichi, alilia kwa sauti, maana jua lilikuwa limekwisha kuutoboa ukungu na lilikuwa linapanda, na kulia hakulizuii jua. Halafu akaacha kulia ghafla, akajipangusa pua, akatazama ule mnara ulivyosimama hauna maana yoyote.

"Huyu hasikii mtu," akajisemea. "Huyu anasikia mtambo. Basi nitampa mtambo."

Barazani kwa Bi Kanga kulikuwa na kibuyu cha uji, kimekatwa mdomo, kinangoja kuoshwa. Nguchiro akakinyakua. Bi Kanga akatoka akiwa na mwiko mkononi.

"We Nguchiro! Kibuyu changu unakipeleka wapi?"

"Dada Kanga, nifuate. Na Kakakuona mwite. Kama unanipenda, usiniulize kitu."

Bi Kanga alimtazama usoni, akaweka mwiko chini.

Bwana Kifaru alikuwa anagombana na nguzo ya mnara wakati Nguchiro alipofika, amekikumbatia kibuyu kwa adabu kama anabeba mtoto wa watu.

"Mkuu ana kikao!" Shashi akaanza.

"Najua. Sitamchelewesha," Nguchiro akasema. "Nilikuwa napita tu na huu mtambo mpya. Nampelekea Tembo wa bonde la pili."

Bwana Kifaru akageuka. Masikio yote mawili yakasimama.

"Mtambo mpya? Unampelekea Tembo? Kwa nini Tembo?"

"Niliona Bwana Mkuu una kazi nyingi."

"Lete hapa! Unafanya nini?"

"Unanasa mabaki ya habari," Nguchiro akasema. "Bwana Mkuu ukiuliza habari, mtu anajibu nzuri. Hiyo ni ganda tu. Kuna punje inabaki nyuma, na haisikiki kwa sikio tupu, hata liwe kubwa namna gani. Mtambo huu ndio unaoinasa. Unatia sikio hapa mdomoni, unauliza, halafu unangoja kijae."

"Nitajuaje kimejaa?"

"Anayesema atanyamaza mwenyewe, na atashusha pumzi. Lakini mtambo huu ni mwepesi kuharibika, Bwana Mkuu. Ukitoa sikio mapema, umekufa. Ukimkatiza anayesema, umepasuka. Na ukimpiga mtu kwa alichosemea humu, unakuwa kiziwi moja kwa moja, na fundi wake hayupo."

"Kikao, Mkuu!" Shashi akalia.

"Kikao kingoje! Tembo apate mtambo mimi sina?" Bwana Kifaru akainamisha kichwa, akatia sikio kwenye kibuyu. Sikio likanukia uji. "Kanga! Njoo hapa. Habari za ngoma?"

"Nzuri, Bwana Mkuu," Bi Kanga akasema.

"Safi sa..."

"Sikio, Bwana Mkuu!" Nguchiro akapiga kelele. "Hakijajaa!"

Kifaru akaganda pale pale. Kukawa kimya. Bi Kanga akatazama kulia, akatazama kushoto. Hakuwahi katika maisha yake kumwona mkubwa huyu amesimama mbele yake amenyamaza. Kimya kikazidi, kikawa kizito, mpaka mwenyewe akashindwa kukibeba.

"Ila," akasema, manyoya yamemsimama, "ila ngozi ya ngoma ilitafunwa na panya tangu masika. Haitoi sauti. Kile unachosikia kila jioni, ukiamuru ngoma ijaribiwe, ni debe. Tunaligonga nyuma ya nyumba yako ili ulale vizuri. Tulikuwa tunaogopa."

Akashusha pumzi, fuuu!

Jicho dogo la Bwana Kifaru lilipepesa mara kadhaa. Kutoka kwenye nyasi Kakakuona akajitokeza, mkia wake umepinda, naye hakungoja kuulizwa.

"Nzuri, Bwana Mkuu, ila njuga zako zote ni udongo mtupu ndani. Nyigu. Nilikuja kukuambia siku ile." Akautazama mkia wake. "Ndiyo hiyo tu."

Bwana Kifaru, wanangu, alikuwa amelala usingizi mzuri miezi yote ile, na watu wa bonde zima wamelala mbele ya Chui bila kitasa mlangoni. Akageuza kichwa polepole, kibuyu kimekwama sikioni, akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia:

"Nguchiro. Habari za nyumbani?"

Nguchiro alikuwa anaungoja mlango huo ufunguke tangu asubuhi, na ulipofunguka, maneno yalimtoka yote kwa mkupuo.

"Nzuri, Bwana Mkuu, ila Chui amebisha hodi kwangu, ametia mkono shimoni, watoto wangu hawajafumbua macho, na amesema atarudi na mwanawe kunifukua jua likikaa juu ya kichuguu!"

Wote wakatazama juu. Jua lilikuwa limekaa juu ya kichuguu.

"Mama yangu!" Bi Kanga akaruka.

"Kikao!" Kifaru akabwata. "Shashi, itisha kikao cha dharura! Andika..." Akanyamaza katikati. Akamtazama Nguchiro, ambaye alikuwa hafiki hata gotini kwake. "Sijui," akasema. "Sijui nifanye nini. Niambie wewe."

"Turuhusu tupige kelele bila kukungoja. Hatuna ngoma, hatuna njuga. Tuna midomo."

"Pigeni! Atakayeona apige, asiniulize! Twendeni!"

Wakakimbia. Nguchiro alitangulia, chini ya nyasi, pumzi inamchoma kifuani. Alipofika karibu na korongo, alisikia mlio ambao hakutaka kuusikia. Kwaru, kwaru, kwaru.

Miiba ilikuwa imetupwa pembeni. Mtoto wa Chui alikuwa ameingia shimoni mpaka mabegani, udongo unaruka nyuma yake, na Chui amelala kando anamtazama kwa mapenzi.

"Taratibu, mwanangu," Chui alikuwa anasema. "Fukua upande wa kushoto. Hapo pana joto."

Nguchiro akafungua mdomo apige kelele. Sauti haikutoka. Kilitoka kipumzi tu, haa. Nyuma yake Bi Kanga akatua, akaona, macho yakamtoka. Na unajua alifanya nini, huyu mama wa watu? Alipinda shingo kumtafuta Bwana Kifaru, ambaye alikuwa bado yuko mbali anapasua vichaka.

"Bwana Mkuu!" akanong'ona. "Nipige?"

Mazoea hayo! Kwaru, kwaru, shimo lilizidi kupanuka. Kutoka ndani ya ardhi kikasikika kilio chembamba cha kitoto.

"Bwana Mkuu, naomba ruhusa, nipige?"

"USINIULIZE!" Kifaru akanguruma kutoka vichakani.

"Ke-ke-ke-ke-keee!" Bi Kanga akapasua anga. "Chui! Chui! Chui korongoni! Ke-ke-keee!"

Na hapo kila kiumbe cha bonde kikajibu. Kakakuona akagonga magamba yake, kwata kwata. Digidigi wakapiga miluzi, vyura wakaamka mchana. Hata Shashi, aliyezoea kelele za haraka na kikao, akajikuta analia, "Chui! Chui!" Bonde lote likawa mdomo mmoja.

Chui akasimama. Kelele hazikumtisha sana. Kilichomtisha kilikuwa kishindo kilichokuja nyuma ya kelele hizo, tifu tifu tifu tifu! Lakini Bwana Kifaru macho yake ni dhaifu, mnalijua hilo, naye alikuwa anakimbilia upande usio wenyewe.

"Wapi?" akanguruma. "Siwaoni! Wapi?"

Ndipo sauti ya Nguchiro ikarudi. "Kushoto, Bwana Mkuu! Kushoto! Zaidi! Sasa nyooka!"

Kifaru akapinda kushoto. Akanyooka. Hakuuliza tena. Alikwenda jinsi sauti ile ndogo ilivyomtuma, na alipoambiwa "Inamisha!" akainamisha. Kipusa kikapita hewani, kikamkosa Chui kwa unywele. Chui akamng'ata mwanawe shingoni, akamng'oa shimoni kwa nguvu, akarukia korongoni, puu! Mawe yakaporomoka nyuma yao. Wakasikika wanakimbia chini kule, mbali, mbali zaidi, mpaka wakaisha.

Nguchiro hakutazama hayo. Alikwisha kuingia shimoni anachimbua kwa mikono. Akampata wa kwanza, akampata wa pili na wa tatu wamelaliana. Wa nne hakumwona. Akapapasa udongo huku anamwita, na nje wote wakanyamaza wanasikiliza anavyomwita. Kisha akamgusa, amefunikwa kabisa. Akampuliza puani. Akampuliza tena. Mtoto akapiga chafya. Mgongoni alikuwa na mkwaruzo mwekundu wa ukucha, mrefu toka shingoni hadi kiunoni.

Alipotoka amewakumbatia, alimkuta Bwana Kifaru amesimama mlangoni, anahema, kibuyu bado kimening'inia sikioni. Alikivua kwa uangalifu mkubwa.

"Mtambo huu," akasema, "umeliokoa bonde. Mnara nauvunja leo, miti yake ikatengeneze nguzo za kamba, na njuga zisafishwe moja moja. Nisipomaliza kazi hiyo sijengi kitu kingine. Lakini mtambo kama huu nautaka kila nyumba. Nguchiro, nifundishe jinsi ulivyoutengeneza."

Nguchiro angeweza kumdanganya tena. Bi Kanga alikuwa anamkonyeza amdanganye. Lakini mikononi alikuwa na mtoto mwenye mkwaruzo wa ukucha, na uongo mwingine ulimshinda.

"Kitikise, Bwana Mkuu," akasema.

Kifaru akakitikisa. Hakikulia. Akakiinamisha, likadondoka ganda la uji mkavu, likaanguka kwenye ukwato wake. Akachungulia ndani kwa jicho moja, akachungulia kwa la pili.

"Hamna kitu humu," akasema.

Shashi akaruka kutoka mgongoni, akatua mbali. Kakakuona akaukunja mkia wake chini ya tumbo. Nguchiro akarudi nyuma, akawasukuma watoto shimoni, akasimama mlangoni peke yake, akafumba macho.

"Kama hamna kitu," Kifaru akauliza, "zile habari zilikuwa zinatoka wapi?"

"Vinywani mwetu, Bwana Mkuu," Nguchiro akajibu, macho bado ameyafumba. "Siku zote."

Alingoja kishindo. Akasikia kitu kizito kinaporomoka mbele yake, akadhani amekufa. Alipofumbua macho, aliona Bwana Kifaru ameketi chini, udongoni, katikati ya nyayo za Chui, na kichwa chake kimelala sawasawa na urefu wa Nguchiro. Macho yalikuwa yamelowa.

"Basi semeni," akasema. "Siendi popote."

Wakasema mpaka jua likazama, na yeye hakuinuka.

Nanyi mtakaokuwa wakubwa wa kazi siku moja, mkiuliza habari, kaeni mpaka aliyeulizwa amalize.